Dima za Jukwaani Zinapokutana na Jenereta



Dima ikianza kupepesa taa katikati ya onyesho, wengi wetu mafundi hukimbilia kubadilisha traiaki. Mara nyingi traiaki huwa nzima. Kwenye kumbi na viwanja vyetu, ambako onyesho huweza kuanza kwa umeme wa gridi likamalizika kwa jenereta, tatizo hukaa zaidi kwenye hesabu ya muda kuliko kwenye kifaa kinachobeba mkondo.

Kazi ya dima mnaijua, kwa hiyo nitaipitia haraka. Kwenye umeme wa hezi 50, wimbi hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila nusu wimbi hudumu milisekunde 10. Dima husubiri sifuri, huhesabu muda, kisha huifungua traiaki. Mkondo ukirudi sifuri traiaki hujifunga yenyewe. Ikifunguliwa mapema taa hung'aa, ikicheleweshwa hufifia. Ila mwanga haushuki sawasawa na muda: ukichelewesha milisekunde 2.5, balbu bado inapata takriban asilimia 91 ya nguvu yake, ndiyo maana programu huhitaji jedwali la kurekebisha.

Sasa tuingie kwenye jenereta. Nyingi za dizeli, zenye gavana ya kawaida, huongeza kasi kidogo mzigo unapopungua: hezi 50 zikibeba mzigo kamili, karibu 52 zikiwa tupu. Mwongozaji anaagiza usiku uingie jukwaani. Fundi anashusha taa zote, mzigo unaondoka, jenereta inapanda hadi hezi 52, na nusu wimbi inafupika hadi milisekunde 9.6. Programu iliyoandikwa kwa kuamini 10 inatuma pigo lake kwenye milisekunde 9.7. Pigo hilo linaangukia mwanzoni mwa nusu wimbi inayofuata, na traiaki inafunguka kwa nusu wimbi nzima. Taa iliyotakiwa kuwa hoi inawaka kwa nguvu zote, tena hadhira ikiwa imenyamaza. Kesho yake, kwa umeme wa gridi, dima inafanya kazi vizuri mezani, na traiaki mpya inapewa sifa isiyo yake.

Dawa yake ni programu, wala si ghali. Maikrokontrola ipime muda kati ya sifuri na sifuri, ichukue wastani wa nusu mawimbi kama kumi, kisha ihesabu ucheleweshaji kwa uwiano wa muda huo badala ya milisekunde zilizokaririwa. Isitume pigo lolote baada ya asilimia 95 ya nusu wimbi. Na kwa kuwa wimbi la jenereta huwa na mikwaruzo, hasa amplifaya zikiwa kwenye laini hiyohiyo, sifuri yoyote inayojitokeza kabla ya milisekunde 8 ipuuzwe. Kichujio cha rezista na kapasita kinasaidia, lakini kinachelewesha kuonekana kwa sifuri. Ucheleweshaji huo upimwe kwa osiloskopu, uondolewe kwenye hesabu.

Angalizo kwa wanaonunua vipuri: optokapla za kufungulia traiaki, MOC3021 na MOC3041, zinafanana kwa umbo. Ya pili husubiri sifuri ndipo ifungue, kwa hiyo dima inageuka swichi tu. Nimeona bodi nzima ikitupwa kwa sababu hiyo.

Kwa taa za wati 2000, mimi sipendi traiaki. Thairista mbili zilizopandishwa kinyumenyume hupumzika kwa zamu, kila moja nusu wimbi yake, na huhimili zaidi. Taa hiyo huvuta ampea 8.7 ikiwa na moto, lakini uzi wake ukiwa baridi ukinzani huweza kuwa chini ya sehemu ya kumi ya ukinzani wake wa moto, kwa hiyo mkondo wa kwanza hupita ampea 80 kirahisi. Acheni balbu zipate moto kidogo, kiasi cha kutoonekana, kabla ya onyesho.

La mwisho ni nyutro. Kwenye fezi tatu zenye dima, mikondo iliyokatwa haifutani kama tulivyofundishwa kwa mizigo ya kawaida. Nyutro huweza kubeba zaidi ya fezi hata mkigawa taa sawasawa, kwa hiyo waya mwembamba wa nyutro haufai kabisa. Ikikatika, taa za fezi yenye mzigo mdogo zinaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Ishikeni nyutro kwa mkono wenu wenyewe, umeme ukiwa umezimwa, mkague skrubu zake zote kabla jenereta haijawashwa.