UMOJA WA NCHI ZETU MBELE YA SOKO LA DUNIA

(Maneno yaliyosemwa Kalemie mbele ya wafanyakazi wa migodi na wenyeji wa mji)



Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha. Wengi mnauliza: umoja huu unatufaa nini sisi wa Kalemie? Kuuliza ni haki yenu. Nitajibu kwa habari ya nguo.

Wazee wanakikumbuka kiwanda cha Filtisaf, siku mji huu ulipoitwa Albertville. Pamba ya wakulima wetu ilifumwa hapa hapa ikawa kitambaa. Leo mashine zile zimenyamaza, na sokoni tunachagua mitumba ya Ulaya na Marekani. Simlaumu mama anayeinunua, maana kila mtu hununua kwa kadiri ya mfuko wake. Lakini nguo ambayo mwenyewe amekwisha kuivaa na kuitoa bure, kiwanda gani kitashindana nayo kwa bei?

Mwaka 2016, kabla sisi hatujaingia, wakuu wa Jumuiya waliazimia kukomesha mitumba katika miaka mitatu, ili viwanda vya nguo na ngozi vipate nafasi. Azimio lilikuwa jema. Likaishia wapi? Mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walipeleka mashtaka kwa serikali yao. Nchi zetu zikaonywa kwamba zikiendelea, zitapoteza ruhusa ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, chini ya sheria iitwayo AGOA. Kenya, yenye viwanda vinavyoshona nguo za kuuza huko, ikajitoa kwanza. Tanzania na Uganda zikalegea. Rwanda ikabaki peke yake, na Julai 2018 nguo zake zikanyang'anywa nafuu ile.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye fundisho. Wote walitia mkono katika azimio, lakini kila mmoja aliachwa ajibu tisho peke yake. Hapakuwa na mpango wa kumsaidia atakayeumia kwanza. Mfanyakazi wa kiwanda cha Nairobi alikuwa na kazi ya kupoteza, na Jumuiya haikumwekea hata senti. Ninyi mnaojua mgomo mnaelewa jambo hili: mgomo usio na akiba ya chakula huvunjwa na njaa kabla ya kuvunjwa na bwana.

Basi, nchi zilizoungana zifanye nini?

Kwanza, kabla ya kutangaza azimio, ziweke mfuko wa pamoja wa kumshika mkono yule atakayepigwa.

Pili, kiwanda kitangulie, ukuta ufuate. Jumuiya imeweka ushuru wa asilimia 35 tangu Julai 2022 juu ya bidhaa nyingi zilizokamilika zitokazo nje, nguo zikiwamo. Ushuru bila umeme, bila pamba na bila barabara utampandishia mfanyakazi bei ya shati tu. Tena kila mwaka nchi huomba ruhusa ya kwenda kando ya ushuru huo, hii kwa hili, ile kwa lile. Ukuta wenye milango ya siri si ukuta.

Tatu, tuuze mawe yetu kwa kauli moja. Februari 2025 Kongo ilizuia kobalti isitoke, na Oktoba ikaweka kiasi maalumu cha kuuza. Bei ikapanda. Iliwezekana kwa sababu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka kwetu. Lakini lithiamu ya Manono haina nguvu hiyo: mnunuzi akikataa bei yetu, atakwenda Australia au Chile. Bati na koltani huuzwa pia na majirani. Hapo nchi moja haitoshi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Najua neno lililo mioyoni mwenu. Tutakaaje meza moja na Rwanda? Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu Februari, na ndugu zetu wa Kivu wamekimbilia hata hapa Kalemie. Mwezi huo wa Februari Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliitaka Rwanda iache kuwasaidia M23 na kuondoa askari wake. Nasema wazi: hakuna bei moja ya koltani ikiwa koltani inavushwa mpaka kwa magendo chini ya bunduki. Jumuiya isiyoweza kumkanya mwanachama wake haitaweza kumkanya tajiri wa ng'ambo. Amani ndiyo sharti la kwanza la biashara.

Ndugu, reli ilifika ziwani hapa mwaka 1915 ili itoe mali yetu. Ng'ambo kuna Kigoma, na reli ya kwenda Dar es Salaam. Njia hiyo ni ile ile. Kilichobaki ni kuamua ibebe nini. Wajumbe wetu wakirudi kutoka Arusha, waulizeni: mmeweka nini katika mfuko? Kiwanda gani kitafunguliwa? Jiwe letu litauzwa kwa bei ya nani? Msikubali jibu la makofi.