KIINGEREZA KIFUNDISHWE, KISIAMRISHWE!

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana waishio mjini wenye asili ya Tarime.)



Nimeombwa niseme juu ya ung'eng'e mashuleni. Najua wapo wanaojiuliza, huyu aliyeishia kidato cha nne atatuambia nini? Maprofesa wameshasema miaka mingi, wakubwa wakatia pamba masikioni. Sasa acha tuseme sisi tuliokalia madawati yenyewe.

Tuanzie nyumbani. Mchukueni mtoto wa Itiryo, kule wilayani kwetu mpakani na Kenya. Nyumbani anazungumza Kikurya. Anaingia darasa la kwanza, anakutana na Kiswahili. Anahangaika nacho miaka yote ya shule ya msingi mpaka kinakaa. Hisabati kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili; Kiingereza ni somo moja tu. Anafaulu, mzee anauza ng'ombe anunue sare na godoro. Akifika kidato cha kwanza, lugha inageuzwa ghafla. Ukiacha kipindi cha Kiswahili, karibu kila kitu ni Kimombo!

Eti anapewa wiki chache za kunolewa Kiingereza kabla ya masomo kuanza. Hiyo ni danganya toto. Nani kati yenu alijifunza lugha kwa wiki chache?

Mwalimu wa baiolojia anaingia na fotosinthesisi. Mtoto huyu alishasoma usanisinuru. Anajua kuwa jani hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Lakini leo hajui kwamba anajua! Mwalimu akiuliza kama wameelewa, darasa zima linaitika ndiyo, ili yaishe. Wananakili ubaoni, wanakariri. Mtihani ukibadili neno moja, kasuku kaishiwa.

Na kipindi chenyewe cha Kiingereza je? Mwalimu mmoja, wanafunzi tele, vitabu vya kugombania. Anakimbizana na muhtasari, anafundisha kanuni. Mtoto anaweza kukutajia nyakati zote za vitenzi, lakini hawezi kumwelekeza mgeni njia ya zahanati. Akithubutu kusema akakosea, wenzake wanamcheka. Akiteleza kwa Kiswahili, zipo shule anachapwa. Jamani, fimbo haijawahi kumfundisha mtu lugha. Inamfundisha kunyamaza.

Haya si mageni. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 wataalamu wa Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta hakitoshi kusomea. Ikafuata fedha ya Uingereza ya vitabu na mafunzo ya walimu, lakini lugha ya kufundishia ikabaki ile ile. Sera ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ikaahidi Kiswahili ngazi zote. Toleo la 2023 la sera hiyo hiyo likaturudisha: sekondari ni Kiingereza. Katikati hapo, kwenye mtihani wa kidato cha nne wa 2012, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri kabla matokeo hayajapangwa upya. Lugha haikuwa sababu pekee, maana walimu na maabara navyo vilikosekana. Lakini utajibuje swali usilolielewa?

Wakati huo huo waheshimiwa bungeni wanajadili bajeti kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ikakifanya Kiswahili lugha ya mahakama. Watoto wa vigogo wako shule za akademia tangu chekechea. Anayebaki kuulizwa jiografia kwa Kimombo ni mtoto wa mlalahoi.

Msinielewe vibaya. Sisemi Kiingereza kitupwe. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiita Kiswahili cha dunia. Kazi za ofisini kwenye mgodi wa Nyamongo zinakidai. Ukivuka Sirari kwenda Kenya, kinakungoja. Kwa sababu hiyo hiyo nasema kifundishwe kweli! Kufundishia kwa lugha ni jambo moja, kuifundisha lugha ni jambo jingine. Humfundishi mtu kuogelea kwa kumsukumia Mto Mara wenye mamba.

Tudai nini basi? Kwanza, mtoto asomeshwe masomo kwa lugha anayoielewa. Pili, Kiingereza kipewe vipindi vya kutosha na mwalimu aliyefundwa kukifundisha kama lugha ya kigeni: wanafunzi wasikilize, waseme wawili wawili, wasome hadithi nyepesi, ndipo waandike. Kanuni zije baada ya kusema. Tatu, mwalimu asionekane mkosaji akifafanua neno kwa Kiswahili. Nne, marufuku kumchapa mtoto kwa sababu ya lugha.

Nanyi vijana, msimngoje diwani. Mwezi Desemba mkipanda basi la Tarime, kila mmoja abebe kitabu chepesi kimoja cha Kiingereza. Mkae na wadogo zenu, mseme nao, na akikosea msimcheke. Mkirudi mjini, mbunge akija kuomba kura mumuulize mwanawe anasoma wapi na kwa lugha gani.

Mtoto wa Itiryo anaposhindwa kidato cha pili, wa kiume anakwenda kuokota mawe ya dhahabu Nyamongo, wa kike anahesabiwa ng'ombe. Wote wawili wanaambiwa hawana akili. Akili wanazo. Tumewauliza kwa lugha ambayo hatukuwafundisha.