MOTOKAA MBILI ZA NDUGU YETU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya memba wa tawi, Eldoret)



Halmashauri ya tawi imetutuma kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengine watasema si kazi ya chama. Watasema chama ni cha mishahara, saa za kazi na viatu vya usalama. Basi motokaa za watu zatuhusu nini? Twajibu hivi. Shilingi tunayoipigania mwaka mzima mbele ya tajiri ikiishia kwa fundi wa giaboksi, tumepigania nini? Tena memba hanunui motokaa peke yake. Hununua pamoja na wadhamini wake katika Sacco, na wadhamini hao ndio ninyi mlioketi hapa.

Mwezi uliopita ndugu mmoja alikuja ofisini na karatasi mbili. Ametupa ruhusa tueleze habari zake, ila jina lake tuliache. Alikuwa ameona motokaa mbili. Ya kwanza ni ndogo, ya sisi 1300, imetengenezwa mwaka 2019, imetoka Japani punde na bado ina karatasi za nailoni kwenye viti. Mwenyewe anataka shilingi 1,150,000. Ya pili ni Mjerumani mkubwa wa mwaka 2009, injini ya petroli ya sisi 3000, viti vya ngozi, mlango ukifungwa husikii kitu. Hiyo inauzwa 800,000. Ndugu yetu ana akiba ya 350,000 na watoto wanne. Aliuliza swali moja tu: “Mbona nilipe zaidi nipate kidogo?”

Swali hili ni la haki, na hatukumcheka. Kwanza tulimweleza kwa nini ile ndogo ni ghali. Kanuni ya KS 1515 hairuhusu motokaa iliyotumika kuingia Kenya ikiwa imepita miaka 8. Na ikifika Mombasa hulipiwa ushuru juu ya ushuru. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha umepanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Halafu huja ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1500 na 25 au zaidi kwa inayozidi hapo, kisha VAT asilimia 16 juu ya jumla hiyo, na ada nyingine mbili ndogo. Chukueni motokaa ndogo ambayo KRA wameikadiria thamani ya 400,000. Kwa viwango vya mwaka 2025, kodi zake zote zinafika karibu 370,000. Kwa hiyo karibu nusu ya bei si chuma wala tairi, ni kodi. Yule Mjerumani alikwisha kulipiwa zamani na mtu mwingine, na kodi ile imezeeka pamoja naye. Ndiyo sababu anaonekana rahisi.

Hapa tuseme neno juu ya herufi za namba, maana wengi hudanganyika. Namba ya KDK au KDM yasema motokaa iliandikishwa lini Kenya. Haisemi ilizaliwa lini. Yaweza kuwa ilizunguka Japani miaka saba kabla ya kuona Uganda Road.

Basi tukatoa karatasi ya mshahara ya ndugu yetu. Mshahara wake ni 45,000. Ukitoa kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya ya SHIF ambayo ni asilimia 2.75, na ile asilimia 1.5 ya nyumba, anabaki na kama 35,900. Kwa ile ndogo angekopa 800,000. Kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya deni linalobaki, kwa miezi 48, angekatwa kama 21,070. Zingebaki 14,800 na kitu. Sasa sikilizeni: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi ya 45,000 ni 15,000. Kwa hivyo karani wa mishahara angerudisha fomu ile, na angekuwa na haki. Sheria hii wafanya kazi wengine huiona adui yao siku wanapotaka mkopo. Sisi twaona ni ukuta unaozuia nyumba isianguke.

Tukanyosha mkopo hadi miezi 60. Makato yakawa 17,800, zikabaki 18,100. Ndugu yetu anakaa kilometa 18 kutoka kazini; kwa siku 26, pamoja na soko na kanisa, ni kilometa 1,000 kwa mwezi. Tukahesabu petroli kwa shilingi 180 lita, ingawa mwaka 2023 tuliona imepita 200. Ile ndogo ikienda kilometa 15 kwa lita, atanunua petroli ya 12,000. Mkononi zabaki 6,000 na kitu.

Yule Mjerumani je? Mkopo ni 450,000, makato 11,850 kwa miezi 48. Hapo ndugu yetu alitabasamu. Lakini sisi 3000 katika mji huu, na kuwasha na kuzima, kilometa 8 kwa lita ni kumheshimu. Petroli ni 22,500. Mkononi zabaki shilingi 1,500 na kitu. Motokaa ya bei rahisi ndiyo imemwacha na kidogo zaidi, na bado hatujanunua tairi moja.

Mzee mmoja katika halmashauri yetu, ambaye ameendesha malori tangu ujana, alibisha sana, na maneno yake yana uzito. Alisema Eldoret iko kama meta 2,100 juu ya bahari, na injini isiyo na taboo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake kwa hewa nyepesi. Injini ndogo yenye watu sita ndani, ikipanda Timboroa nyuma ya trela katika ukungu, haina nguvu ya kulipita, na dereva asiye na subira huua watu pale. Mjerumani ana nguvu, ana breki, ana uzito, na mwili wake umejengwa kulinda walio ndani. Kwa kuteremka kutoka Iten hadi bonde la Kerio, zaidi ya meta 1,000 kwenda chini, yeye angechagua breki kubwa. Hatukumshinda kwa neno hilo, na hatutaki kumshinda. Mwenye ile ndogo ajue si ya kujazwa watoto wanne na shangazi wawili na gunia.

Lakini tulipomwuliza mzee nani atamtengeneza, alianza kusema habari za Peugeot. Ndugu, sisi pia twaikumbuka Peugeot. 404 ilishinda Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978, na ilikuwa ikiundwa Mombasa. Hata Mercedes ilishinda mara tatu mfululizo, 1959 hadi 1961. Wazee wetu walijifunza hapo kwamba motokaa ya Ulaya haifi, na kwa wakati ule walisema kweli, maana fundi aliifungua kwa spana chini ya mti akaiona yote. Mjerumani wa 2009 ana kompyuta katika injini, nyingine katika giaboksi, na wengine wa kabila lake wana springi za hewa. Fundi asiye na mashine ya kuisoma hubahatisha. Hutoa kifaa kizima, huweka kingine, na kila jaribio ni pesa yako. Spea ya Toyota waipata dukani mjini kabla ya saa ya chai. Yake huagizwa Nairobi, na wewe wangoja.

Hatusemi haya kwa kusoma. Miaka michache iliyopita watatu kati yetu tunaosimama hapa tulimdhamini mwenzetu anunue motokaa kubwa ya namna hiyo. Ilikuwa nzuri, tuliipanda kwenda mazishini tukajisikia mawaziri. Mwezi wa saba giaboksi ikaanza kuteleza. Bei ya kutengeneza ilizidi mshahara wake wa miezi mitatu. Alikuwa na bima ndogo tu, na hata kubwa isingelipa kuchakaa. Motokaa ikakaa uani kwake, kuku wakaingia. Baadaye akaacha kazi, na Sacco ikageukia wadhamini. Tulikatwa kila mwezi kwa mwaka mmoja na nusu. Mmoja wetu alichelewa kulipa karo ya muhula, na mtoto akarudishwa nyumbani. Na mwenzetu yule hatukumpoteza kwa chuki. Ni aibu iliyomfanya avuke barabara akituona.

Kwa hiyo tulimwambia ndugu yetu aache zote mbili. Kwa 800,000 ile ile, mkopo wa 450,000 ule ule, atafute motokaa ya kawaida ya sisi 1500 iliyokwisha andikishwa hapa, Probox au Fielder, ambayo kila fundi wa Langas ameifungua mara mia. Aitumie wiki za shifti ya usiku, wakati matatu hazipo, na wiki za mchana apande matatu kama zamani. Mjerumani ni wa mtu anayemnunua bila deni na mwenye fedha nyingine pembeni ya kumtibu. Huenda siku moja awe yeye. Hakupenda. Alisema Probox ni ya kubeba miraa. Tukamwambia hubeba watoto vilevile.

Mpaka leo hajanunua. Wadhamini wake wawili wako humu ndani nao wamesikia hesabu.

Fomu za udhamini ziko kwa katibu. Tangu mwezi huu halmashauri inaomba anayetaka mdhamini kwa motokaa alete vitu vitatu: karatasi ya mshahara, maandishi ya fundi aliyeikagua ambaye si wa muuzaji, na karatasi ya NTSA inayoonyesha mwenye motokaa ni nani na kama kuna benki inayoidai. Jumamosi saa nne fundi wetu atakuwa uani nyuma ya ofisi. Anayetazamia kununua aje na motokaa yenyewe, nayo iachwe ipoe kabla ya kukaguliwa, maana injini mbovu hujificha ikiwa moto. Mwenye kufika wa kwanza atakaguliwa wa kwanza.