Jeki Huinua, Stendi Hushikilia

Wengi wetu hutengeneza pikapu nyumbani. Lifti ya nguzo mbili huhitaji sakafu imara ya zege. Kwenye udongo, hasa baada ya mvua, haifai. Kwa hivyo tunatumia jeki. Lakini jeki ni ya kuinua tu: mafuta yakivuja, gari linashuka.

Soma tani zilizoandikwa kwenye jeki. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu yaliyobaki chini, inua, kisha lishushe gari juu ya stendi za chuma. Usitumie matofali, hupasuka ghafla. Litikise kabla ya kuingia chini.

Huna stendi? Azima kwa jirani. Kazi itangoja. Tunataka utoke huko chini ukiwa mzima.