Tunauguza: Tumaini la Mzazi Ukingoni mwa Ziwa



Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kwa miaka mingi nimefundisha viambishi, vikiwemo vile vipande vidogo vinavyokaa mwanzoni mwa kitenzi na kutuambia ni nani anayetenda. Leo nitazungumzia kiambishi kimoja nilichokifundisha darasani muda mrefu kabla sijakielewa. Nilianza kukielewa kwenye benchi la wodi ya watoto, usiku, kiatu kimoja mguuni na kingine sijui nilikiacha wapi.

Binti yangu ana ugonjwa wa selimundu. Sasa ana miaka 14. Ameniruhusu niyaseme haya. Jina lake ameniomba nisilitaje.

Pole na kuuguza

Mwanza hii, mtu akijua una mgonjwa nyumbani hukwambia: "Pole na kuuguza." Ni kitenzi chenye uzito. Mgonjwa anaugua, na aliye kando yake anauguza. Lugha imempa mtu huyo wa pili kazi yake kamili, kama ilivyompa mvuvi kuvua na mkulima kulima. Na kwa mgonjwa mwenyewe tunasema: "Ugua pole." Hatumwahidi kwamba atapona kesho. Tunamwombea maumivu yake yawe ya taratibu, yanayovumilika. Wahenga waliotuachia salamu hiyo walijua kwamba yako magonjwa ambayo mtu huishi nayo, na kwamba aliye nayo bado anastahili neno la kumtuliza.

Binti yetu alikuwa na miezi minane vidole vyake vilipovimba, vya mikono na vya miguu, ukimgusa analia kilio ambacho hatukuwa tumekisikia kwake. Jirani alisema ni jicho baya. Mwingine alisema ameanguka na tunaficha. Zilipita wiki kadhaa, tukitibu homa baada ya homa, hadi damu yake ilipopimwa na jibu likaja.

Siku ya tatu nilirudi kazini. Wenzangu waliponiuliza habari za nyumbani niliwajibu: "Mke wangu anauguza."

Naomba mkisikie kiambishi hicho. *A-nauguza.* Yeye. Nilikuwa nimejitoa katika sentensi, na kwa miezi mingi sikugundua.

Swali nililouliza

Kuna jambo zito kuliko hilo. Jioni ile tuliyopewa majibu nilimuuliza mke wangu: "Kwenu kuna ugonjwa huu?" Hakunijibu. Aliendelea kukunja khanga za mtoto, akazipanga, kisha akazikunjua na kuzikunja upya. Ningekuwa na uwezo wa kulirudisha neno moja tu katika maisha yangu, ningelirudisha hilo.

Daktari alitueleza wote wawili kwa kalamu na karatasi. Mtoto hupata selimundu anaporithi kinasaba chake kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wanaobeba kinasaba kimoja kimoja huwa wazima, hawana dalili, na katika kila mimba wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Robo hiyo haikumbuki waliotangulia: ukizaa mmoja mgonjwa, haimaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Kwa hiyo jibu la swali langu lilikuwa kwao na kwetu pia. Nusu ya maumivu ya binti yangu yalitoka katika damu yangu.

Nayasema haya hadharani kwa sababu wapo akina mama katika kanda hii walioachwa kwa swali kama lile. Baba anauliza, ukoo unajibu, na mama anarudi kwao na mtoto mgongoni. Kinababa wenzangu, hesabu ya daktari haina upande. Tusiwabebeshe wake zetu mzigo tulioufunga pamoja.

Deni la ziwa

Kwa nini sisi? Ni swali la kila mzazi anayeuguza, na mara nyingi halina jibu. Kwa ugonjwa huu, sehemu ya jibu ipo, na imelala papa hapa ukingoni mwa maji.

Mwaka 1949 kijana aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Aliona kwamba kinasaba cha selimundu ni kingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni kichache nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: palipo na mbu wengi na malaria nyingi, mtu aliyerithi kinasaba kimoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho kilidumu. Miaka ya karibuni watafiti walipima damu za watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, wakakuta takriban mtoto mmoja kati ya watano anabeba kinasaba kimoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe.

Tafakarini maana yake. Babu zetu waliovua, wakalima mpunga na pamba na kuchunga ng'ombe katika nchi hii ya mbu, wengi walivuka utoto kwa sababu ya kinga hiyo. Tuliomo ukumbini humu ni wajukuu wa walionusurika. Na gharama ya kunusurika kwao inalipwa leo na watoto kama binti yangu, usiku, chembe zake nyekundu za damu zinapojikunja kama mundu na kuziba vijishipa vyembamba hadi mifupa inawaka.

Nilipoelewa hivyo, fikra ya laana ilinitoka. Mtoto huyu hakuadhibiwa kwa kosa la mtu. Analipa deni la sisi sote, na deni la wote halilipwi na nyumba moja.

Mkono juu ya tumbo

Nije sasa kwenye tumaini, maana ndilo lililotukutanisha.

Siku za mwanzo nilidhani tumaini ni hali ya moyo: ama unayo, ama huna. Asubuhi nilikuwa nayo, jioni sina. Aliyenifundisha vingine ni muuguzi wa kliniki. Aliushika mkono wangu, akauweka juu ya tumbo la mtoto, chini ya mbavu za kushoto, akaniambia: "Baba, hapa ndipo ilipo bandama. Kila siku weka mkono hapa. Ukiigusa imekuwa kubwa kuliko jana na mtoto amepauka, usisubiri kupambazuke." Bandama ya mtoto mwenye selimundu inaweza kuvimba ghafla, ikainasa damu nyingi, na mtoto akapotea ndani ya saa chache. Mkono wa mzazi ndio kipimo cha kwanza.

Tangu siku hiyo tulikuwa na ratiba. Penisilini asubuhi na jioni, kwa sababu maambukizi huwaua wengi wao mapema. Makadirio ya wataalamu ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Afrika wenye ugonjwa huu wasiopata huduma hawafikishi miaka 5. Kidonge cha foliki. Maji ya kutosha. Sweta upepo wa ziwa unapogeuka baridi. Chandarua kila usiku, maana ukipata kinasaba kutoka pande zote mbili, malaria inakuwa adui mkali zaidi. Na mkono juu ya tumbo.

Zipo siku nyingi ambazo moyo wangu haukuwa na tumaini hata chembe, lakini mkono ulikwenda mahali pake. Hivyo nikajua kwamba tumaini lina mikono, na mikono inaweza kufanya kazi moyo ukiwa umechoka. Waangalieni wavuvi wa dagaa: hutengeneza taa mchana, usiku wa giza lisilo na mwezi ukiwa bado haujafika. Hawajui ziwa litawapa nini. Wanajua taa inataka kusafishwa.

Neno lenyewe linaniunga mkono. *Tumaini* tulilitwaa katika Kiarabu, na asili yake inahusu kutulia kwa moyo. Ratiba ndiyo iliyonituliza. Kisha elimu ikaongeza sababu ya kutulia: mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto zaidi ya 600. Dawa ya haidroksiurea ilipunguza maumivu, maambukizi, malaria, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Mbale na Kilifi ni kwetu. Watoto hao wa Afrika Mashariki, na wazazi wao waliokubali, waliwasafishia njia watoto wengine ambao hawatawaona kamwe.

Amana

Viongozi wangu wa dini, mniruhusu niseme kuhusu imani.

Aliwahi kuja nyumbani mtu aliyetuambia kwamba tukiwa na imani ya kweli tutaacha dawa. Alisema kwa upole, na nadhani alitutakia mema. Mke wangu alimsikiliza, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akampa mtoto penisilini ya jioni. Kisha akapiga magoti akasali. Sijapata kusikia mahubiri makubwa kuliko hayo.

*Imani*, *amana* na *amani* ni maneno ya shina moja. Amana ni kitu ulichokabidhiwa kukitunza, na siku moja utaulizwa. Mtu akikuachia amana yake, imani yako kwake huonekana katika namna unavyoitunza. Kumpa mtoto dawa kwa saa yake ni kutunza amana. Kumkimbiza hospitali usiku ni kutunza amana. Na siku amana inaporudishwa kwa Mwenyewe mapema kuliko tulivyotaka, kama ilivyotokea kwa baadhi ya wazazi tulioketi nao benchi moja, hakuna mwenye haki ya kuwaambia kwamba imani yao ilipungua. Niliwaona. Haikupungua.

Hospitali ya Bugando ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa mwaka 1971, na leo inahudumia kanda nzima ya ziwa, ikiwa na vitanda zaidi ya 900. Ukilala kwenye wodi yake ya watoto utamsikia mama mmoja akihesabu tasbihi, mwingine rozari, wa tatu akinong'ona Kisukuma kwa maneno ya bibi yake. Alfajiri wote watatu wanagawana uji wa chupa moja. Anayekwenda kuoga humwachia mwenzake mtoto. Mgonjwa haulizwi uji, na pale wodini hata anayeuguza haulizwi; anawekewa kikombe mkononi.

Kidole kimoja

Mama mmoja kutoka ng'ambo ya Sengerema alinisimulia alivyokaa Busisi akisubiri kivuko, mtoto mapajani, akihesabu pumzi zake huku taa za Kigongo zikionekana upande wa pili. Mikono yake ilifanya kila ilichofundishwa, lakini mikono ya mzazi haiwezi kusogeza ziwa. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa, kilometa 3 juu ya maji. Tarehe 19 Juni ndiyo pia Siku ya Selimundu Duniani. Sijui kama kuna aliyeziunganisha tarehe hizo mbili wakati wa kupanga sherehe. Mimi nimeziunganisha. Daraja lile ni mikono ya watu wasiomjua mama yule, nayo imembeba.

Ndiyo maana naomba mambo matatu, na nayaomba kama mdai anayedai deni tulilokwisha kulikubali.

La kwanza ni damu. Haitengenezwi kiwandani. Wanafunzi ni miongoni mwa wachangiaji wakubwa, na shule na vyuo vikifungwa akiba hupungua, lakini mifupa ya watoto haina likizo. Binti yangu ameongezewa damu mara nne. Sijui walioitoa. Inawezekana mmoja wao amekaa humu.

La pili ni kupima. Kijana, jua kama unabeba kinasaba kabla ya kuoa au kuolewa, na lijue bila aibu. Majibu hayo yasiwe sababu ya kumdharau mtu. Yawe mwanga wa kupanga mkiwa wawili. Na watoto wachanga wapimwe wanapozaliwa, ili kusiwe na mzazi wa kupoteza wiki kama zetu.

La tatu ni walimu. Mtoto anayeomba kwenda kunywa maji, anayekosa shule kwa wiki, mwenye macho ya manjano, msimwite mvivu. Mpeni maji na daftari la mwenzake anakili.

Kiambishi

Nilisema nitazungumzia kiambishi.

Binti yangu alipokuwa na miaka sita alilazwa kwa maumivu ya mgongo. Usiku ule ilikuwa zamu yangu. Mke wangu alikuwa nyumbani na mdogo wa binti yetu. Mlinzi wa lango aliniuliza nakwenda wapi saa hizo. Nikamjibu bila kufikiri: "Tunauguza, ndugu yangu." Nilitembea hatua kumi hivi ndipo nikasimama. *Tu-*. Zaidi ya miaka mitano ilipita hadi nikaingia katika sentensi yangu mwenyewe.

Siku hizi binti yangu huweka vidonge vyake mwenyewe kwenye kikopo chenye siku za juma. Jumapili jioni hukijaza, hukitikisa asikie kama kimejaa, na kukirudisha juu ya kabati. Sijui kesho yake itakuwaje. Kuna wiki tunazokwenda Bugando mara mbili. Lakini kikopo kinajazwa kwa siku saba, na mtu anayejaza siku saba amekwisha kuziamini zote saba.

Mkitoka hapa mtakutana na mzazi mwenye chupa ya chai na kikapu, anapandisha mlima wa Bugando. Mwambieni: "Pole na kuuguza." Kisha, kabla hajajibu, ushikeni upande mmoja wa kikapu.