MBUNGE AKIANDIKA, WAZIRI AJIBU
Hotuba iliyosomwa Goma mbele ya wafanyakazi wa machimbo na wakaaji wa mji

Tunajua wengine wenu mmetembea mbali. Kwa hiyo hatutawachelewesha na nyimbo za kusifu chama. Leo tunataka kusema juu ya karatasi moja tu, karatasi ambayo mbunge anaweza kuiandika na waziri analazimika kuijibu. Inaitwa swali la maandishi.

Mnakumbuka ile RAM. Ilianza mwezi wa 9 mwaka 2020. Mwenye simu ndogo ya 2G alikatwa dola 1 kwa mwaka, mwenye simu ya 3G au 4G alikatwa dola 7. Hawakuzikata kwa mara moja, la. Walizila kidogo kidogo, kila ulipotia unite. Mama aliyetia unite ili amuulize mwanawe wa Walikale kama yu mzima aliona zimepungua kabla hajasema neno. Wakubwa walisema kwamba si kodi, bali ni malipo ya kulinda simu zisiibiwe na simu za uongo zisiingie nchini. Watu walilia, vijana walipiga makelele, na unite ziliendelea kukatwa.

Kisha mwezi wa 10 mwaka 2021, katika Bunge la Kinshasa, mbunge Claude Misare alimwita waziri wa posta na simu, Augustin Kibassa, kwa swali la mdomo lenye majadiliano. Jambo lenyewe lilikuwa wazi. Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi isipokuwa ile iliyowekwa na sheria. Basi sheria ya RAM iko wapi? Ilipigiwa kura siku gani? Fedha zinaingia katika sanduku gani? Wabunge wakataka RAM iondolewe, na mwanzoni mwa mwaka 2022 ikaondolewa. Unite zetu hazikurudi, lakini mkono ule ulitolewa mfukoni mwetu.

Hatusemi kwamba swali peke yake liliiua RAM. Makelele ya barabarani yalilipa swali nguvu. Lakini fahamuni kwamba makelele ya mwaka mzima yalijibiwa kwa maneno matamu tu, na siku waziri aliposimamishwa aonyeshe sheria, maneno matamu yalikwisha.

Nguvu hii mbunge anaipata wapi? Si zawadi ya mtu. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 138, inataja njia 5 za Bunge na za Senati kuiangalia Serikali, makampuni ya taifa na kazi zote za umma: swali, la mdomo au la maandishi, swali juu ya jambo lililotokea siku hizi, kumwita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, na kuwasikiliza wakubwa mbele ya kamati. Swali halimalizwi kwa kura, hilo ni kweli. Lakini waziri akijibu vibaya, kifungu cha 146 kinawapa wabunge, wakifika sehemu 1 ya 10 ya Bunge, haki ya kuomba kura ya kumwondoa.

Sasa mtauliza: kwa nini chama kinasifu lile la maandishi, wakati RAM ilipigwa na swali la mdomo? Tunawajibu. Swali la mdomo linataka siku, linataka kamera, linataka Bunge lijae na mwenyekiti akubali kuliweka katika kazi za siku hiyo. Likiwekwa, waziri huja na wapambe wake, husema saa mbili, watu hupiga makofi au huzomea, na jioni hakuna mtu anayekumbuka hesabu aliyoitaja. Swali la maandishi halina makofi. Mbunge mmoja tu, hata akiwa hana rafiki mle ndani, anaandika: kiasi gani, siku gani, kwa sahihi ya nani. Waziri anajibu kwa karatasi na kutia sahihi. Mwaka ukipita, ukweli ukitokea, ile sahihi bado iko pale.

Katika Ufaransa waziri hupewa miezi 2 ya kujibu, na swali pamoja na jibu huchapwa katika gazeti rasmi la nchi, kila mtu asome. Hapo ndipo sisi tumelala. Ni wangapi kati yenu mliohudhuria leo mmewahi kushika mkononi nakala ya swali la mbunge wenu na jibu la waziri? Inueni mikono. Tunaona.

Msidhani kuuliza ni desturi ya juzi. Nchi hii yenyewe ilitolewa mikononi mwa mtu mmoja kwa njia ya maswali. Wakati wa Leopold II, mbunge wa Ubelgiji alipotaka kujua habari za mpira na mikono iliyokatwa, mawaziri walimjibu kwamba Kongo ni nchi nyingine, ni ya Mfalme mwenyewe, Bunge la Brussels haliwezi kuiuliza. Jibu zuri sana kwa mwizi! Lakini watu hawakunyamaza. Mwezi wa 5 mwaka 1903 jambo lilisemwa katika Bunge la Uingereza. Mwaka ule ule konsuli Roger Casement alipanda mto akaona kwa macho yake, na ripoti yake ikachapwa mwaka 1904. Mfalme akalazimika kutuma tume. Katika Bunge la Brussels, Emile Vandervelde, msoshalisti, aliendelea kuuliza, na mwaka 1906 alikuwa na ripoti ya tume ile mkononi mwake. Mwezi wa 11 mwaka 1908 Mfalme alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Mnajua alifanya nini kabla ya kuitoa? Mwezi wa 8 mwaka ule alichoma karatasi za Serikali yake. Tanuru za Brussels ziliwaka siku 8. Mtu hachomi karatasi zisizomwogopesha.

Na baada ya hapo? Sheria ya koloni ya mwaka 1908 iliagiza kwamba kila mwaka Bunge la Ubelgiji lipelekewe ripoti juu ya Kongo. Ripoti zililetwa, zikapigwa chapa vizuri. Lakini wazee wetu waliobeba mizigo na kulimishwa kwa fimbo hawakuwa na mbunge hata mmoja mle ndani. Waliandikwa, hawakuuliza. Tofauti hiyo ndiyo tuliyoipigania mwaka 1960.

Tuje kwenu wachimbaji. Baada ya vita vya mwaka 1996 na 1998, Bunge la mpito liliunda tume ichunguze mikataba iliyotiwa sahihi wakati wa bunduki. Mwenyekiti wake alikuwa Christophe Lutundula. Walifanya kazi, wakakabidhi ripoti mwezi wa 6 mwaka 2005. Ripoti ilitaka mikataba mingi ifutwe au izungumzwe upya. Ikawekwa katika sanduku. Ilipogawiwa wabunge mwanzoni mwa mwaka 2006 watu walikuwa wamekwisha kuisoma kwa njia za pembeni, na Bunge halikuijadili mpaka likamaliza muda wake. Mwaka 2007 Serikali ikaunda tume nyingine ipitie mikataba 61 ya madini. Mnaona jinsi jambo linavyozunguka. Tume ni kitu kikubwa, ina wengi, na kitu chenye wengi kina wengi wa kukizuia.

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika walipita njia nyingine. Mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, aliposikia mwaka 2007 kwamba waziri wa madini wa Tanzania alitia sahihi mkataba wa dhahabu ya Buzwagi akiwa London, alitaka Bunge liunde kamati ichunguze: kwa nini London, na kwa nini haraka? Wenzake walimfungia nje ya Bunge miezi kadhaa. Lakini swali lilikuwa limekwisha kutoka nje, wananchi wakalibeba. Mwezi wa 11 mwaka ule ule Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Mark Bomani kuangalia mambo ya madini, na yule aliyefungiwa akaitwa kuwa mmoja wao. Mwaka 2010 Tanzania ikapata sheria mpya ya madini. Hatusemi kila mchimbaji wa Tanzania alitajirika. Tunasema mtu mmoja aliuliza na sheria ikabadilika.

Kwetu sheria si mbaya. Kodi ya madini ya mwaka 2018 inasema ile mrabaha ambayo kampuni yenye hati inalipa inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa Serikali ya kati, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, sheferi au mji ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa watoto wetu watakaokuja. Na tangu mwezi wa 5 mwaka 2011 iko amri ya Waziri Mkuu kwamba kila mkataba wa mali ya ardhi uchapwe katika siku 60. Hapo kuna maswali mengi mazuri, nayo hayahitaji kisomo kirefu.

Sikilizeni namna mbili za kuuliza. Mmoja anaandika: «Mheshimiwa Waziri, Serikali ina maoni gani juu ya mateso ya wachimbaji wa Kivu ya Kaskazini?» Waziri atajibu kwamba Serikali inasikitika sana. Mwingine anaandika: «Mheshimiwa Waziri, ile asilimia 15 ya mrabaha ya mwaka fulani, ya kampuni fulani, iliingia katika akaunti ya sheferi gani, siku gani, kiasi gani? Na mkataba wa kampuni hiyo ulichapwa siku gani na wapi?» Huyu wa pili hakutukana mtu. Lakini waziri wake hatalala vizuri.

Akijibu kwa hesabu, mtakwenda na hesabu hiyo kwa Mwami au kwa mkubwa wa sekta mumuulize nyumba ya shule iko wapi. Akisema fedha hazikutumwa, mmejua zilikokwama. Akinyamaza, mbunge achapishe swali lake na siku aliyolipeleka, ili watu wahesabu miezi.

Sasa tuseme neno gumu. Mlango wa karibu umefungwa. Tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, kwa amri ya hali ya kuzingirwa, Baraza la Jimbo lililokuwa hapa Goma lilisimamishwa na gavana wa kijeshi akawekwa. Baraza ndilo lingemwuliza gavana juu ya fedha za jimbo. Tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023, watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita, hivyo Bunge jipya lilianza bila mbunge aliyechaguliwa nao. Rubaya iko Masisi. Kolta ya Rubaya inafika mwisho wa dunia, na neno la Rubaya halikufika Kinshasa. Mwezi wa 4 mwaka 2024 M23 waliikamata Rubaya, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba walikusanya huko kama dola 800,000 kila mwezi. Mwishoni mwa mwezi wa 1 mwaka 2025 mji huu wa Goma nao uliingia mikononi mwao. Habari hiyo hatuwasimulii, mlikuwapo.

Kila anayekusanya fedha kwenye shimo, awe na kofia ya nani, anapaswa kuulizwa. Asiye na Bunge juu yake hana wa kumuuliza, naye anajua hivyo.

Lakini tusikae na mikono kifuani. Mbunge wa taifa, kwa Katiba, ni wa nchi nzima, si wa kijiji chake tu. Mbunge wa Beni, wa Lubero, hata wa Bukavu au Kinshasa anaweza kuandika swali la Rubaya kama hakuna mwingine. Tena ninyi wenyewe mnayo haki: kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuandikia wakubwa ombi, na mkubwa aliyeandikiwa analazimika kujibu katika miezi 3. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu asisumbuliwe kwa sababu ya kuandika ombi. Hatuwadanganyi kwamba kila mkubwa amekisoma. Kwa hiyo tunaandika kwa makundi, na jina la mtu mmoja halitangulizwi.

Chama kimekusudia kupeleka maswali 3 kwa wabunge: moja juu ya asilimia 15, moja juu ya mikataba isiyochapwa, na la tatu juu ya malipo mnayotozwa njiani kutoka shimoni mpaka ghala. Hili la tatu hatuwezi kuliandika bila ninyi. Tunataka stakabadhi. Yeyote aliye na karatasi ya malipo, ya kizuizi, ya gunia, ya ushirika, hata kipande kilichochafuka kwa udongo, ailete kwa katibu wa mtaa wake. Asiye na karatasi aje aseme siku, mahali na kiasi, tutaandika. Msiongeze hata faranga 100. Tukikutwa na uongo mmoja, waziri ataujibu ule uongo na kuacha ukweli wote. Karatasi zitanakiliwa mbele yenu na kurudishwa siku ile ile, na majina hayatapelekwa Kinshasa. Wanaokaa Nyabibwe au Walikale na hawawezi kufika wampe dereva wanayemwamini.