Wi-Fi ya bure na majina ya wenzetu

(Mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana)

Najua chakula kinanukia, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Bando likikata tunakimbilia Wi-Fi ya bure: stendi, mgahawani, hotelini kwenye vikao. Sawa, hali ya mifuko tunaijua. Lakini simu ya katibu wa tawi ina majina na namba za wanachama, na wengine hata mabosi wao hawajui kama wapo na sisi. Ukizembea wewe, anayeumia ni yule.

Kwanza, jina la Wi-Fi si ushahidi. Yeyote anaweza kuupa mtandao wake jina la mgahawa uliokaa. Na simu ikikuta jina inalolikumbuka, inaweza kujiunga yenyewe. Zima hiyo, na ukiondoka ufute mtandao huo kwenye simu. Nywila iliyobandikwa ukutani nayo isikupe moyo, kila aliyekunywa chai pale anayo.

Pili, tusitishane bure. Tovuti nyingi sasa zinatumia HTTPS, na ujumbe wa WhatsApp unafungwa toka kwako hadi kwa unayemwandikia. Mwenye mtandao anaweza kujua umetembelea tovuti gani, ila si rahisi asome ulichoandika. Balaa linaanza pale unapomfungulia mlango mwenyewe: kivinjari kinakuonya tovuti si salama, wewe unabonyeza endelea. Au ukurasa wa kujiunga unakuomba nenosiri la barua pepe, unajaza. Wi-Fi inahitaji nenosiri lako la nini?

Tatu, VPN. Inamficha mwenye mgahawa, lakini sasa unamwamini mwenye VPN. Ya bure, jiulize anakula wapi. Pia Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao. Soma kanuni kabla hujapakua.

Mtaniuliza, "Dada, si sheria ipo?" Ipo. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kutoingiliwa mawasiliano yetu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kunasa mawasiliano ya mtu isivyo halali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inambana anayekusanya taarifa za watu, na hapo jamani hata sisi tumo. Tumeandika majina ya watu, tuna wajibu wa kuyalinda. Mahakama inaweza kumwadhibu aliyeiba orodha, lakini haiwezi kuwasahaulisha walioisoma.

Kwa hiyo kabla hatujala, kila mtu atoe simu. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Sasisha programu zako. Na kuanzia leo orodha ya wanachama haitumwi kwa Wi-Fi ya mtu usiyemjua. Nunua bando, hata la mia tano.

Maswali tutajibizana tukiwa kwenye foleni ya pilau.